Dole Gumba la Kushoto

Mkuza, Kibaha
Ijumaa, baada ya alasiri

Mwanangu Sikudhani,

Umekwenda mtaa wa Picha ya Ndege kumuaga shangazi yako, na najua utachelewa, maana shangazi yako hajawahi kumwacha mtu aondoke kwake bila kumlisha mara mbili. Nami nimepata nafasi niliyokuwa nikiikwepa tangu Jumanne. Nimekaa kwenye benchi la kazi, karatasi nimeiweka juu ya kibao cha kukandia udongo, kwa hiyo ukiona madoa usinicheke. Tanuru letu linapoa nyuma yangu. Kila baada ya muda linatoa vile vimlio vyake vya kupoa, nami kila likilia nanyanyua kalamu.

Ya kula, kulala na kuchagua marafiki sitakuandikia. Umekaa chuoni miaka mitatu bila mimi na umerudi na akili yako kamili, pamoja na suruali zile. Wala sitakuandikia habari za sala, mimi ambaye alfajiri naamshwa kwa kusukumwa. Nataka kukuandikia habari za matofali. Usigune. Najua yamekuchosha, najua siku ya mahafali uliniomba nisiyataje mbele ya wenzako. Lakini nina hofu, Siku, na hofu hiyo nimeifinyanga kwa mikono yangu mwenyewe, na Jumatatu utaanza kazi mbele yake.

Nianze na bibi yako, kwa sababu huko ndiko nilikoupata ugonjwa.

Bibi yako Mwamvua, ambaye hukumkuta, alikuwa mfinyanzi wa vyungu huko Kisarawe, njia ya kwenda Maneromango. Kusoma hakujua, ila chungu alikijua. Kikishatoka motoni na kupoa, alikipakata kwenye kiganja cha kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kisha akainamisha kichwa kusikiliza. Kikitoa mlio mrefu, kinakwenda sokoni. Kikitoa mlio mfupi uliokufa, kina ufa hata kama jicho halioni. Alinifundisha nikiwa na miaka saba, macho yangu yamefungwa kwa kanga, vyungu sita mbele yangu, kimoja kibovu. Nilipofika miaka kumi nilikuwa namshinda. Wageni wakija alikuwa akiwaambia, "Huyu mwanangu ana sikio." Nimesifiwa mengine maishani. Baba yako, Mungu amrehemu, alisifu mpaka mwendo wangu. Lakini hakuna sifa iliyonikaa kama hiyo ya mama, na nilipokuja Kibaha na kalibu zangu mbili za mbao za kufyatulia matofali, sikio ndilo lililokuwa mtaji wangu.

Kulikuwa na mwiko mmoja nyumbani kwetu. Kilichopasuka kilivunjwa, kikasagwa, kikarudishwa kwenye udongo. Lakini chungu kizima, hata kiwe na sura mbaya namna gani, hakivunjwi kwa makusudi. Bibi yako alisema anayevunja kizima anaita msiba. Aliutoa wapi mwiko huo sijui. Mtu akiuliza alitazamwa mpaka akajutia swali lake, na mimi sikuwa mtoto wa kuuliza mara mbili.

Sasa matofali. Unayajua, lakini nitayaeleza kama kwa mgeni, kwa sababu kosa langu limejificha humo ndani. Tunachukua udongo mweupe wa vilima vya Kisarawe, tunauchanganya na pumba za mpunga kutoka Mlandizi, tunatia kwenye kalibu, tunachoma. Pumba zinaungua na kuacha vitundu. Wenye viwanda wananunua vile vitundu, maana ndivyo vinavyozuia joto lisitoke kwenye tanuru la kuyeyushia. Lakini tofali lenye vitundu ni laini, ukilikwangua kwa kucha linatoa unga. Ndiyo maana tunaliimarisha. Likishachomwa mara ya kwanza tunalilowesha kwenye uji mwembamba sana wa udongo huo huo, uliotiwa dawa ya kugandisha, ili uji upenye mpaka moyoni na kuzipaka kuta za vile vitundu kwa ndani. Kisha linakaushwa na kuchomwa mara ya pili. Likifanywa hivyo kwa subira, linabaki jepesi na linabeba mzigo.

Mwalimu wa ufundi aliyenionyesha kazi hiyo, kijana mpole mwenye miwani, alinisisitizia mambo mawili. Tofali lishushwe kwenye uji polepole, upande wa chini kwanza, hewa ipate pa kutokea, na lisizamishwe mpaka mapovu yakome. Na likitoka likauke kivulini, siku kumi au zaidi, likigeuzwa kila siku.

"Mama, ukilikausha haraka," alisema, "maji yanakimbilia nje na kuubeba uji wote mpaka kwenye ngozi. Nje pakawa pagumu, ndani pakabaki chaki."

Nikaitikia, "Nimekuelewa, mwanangu." Nilimwelewa kabisa. Kama nisingemwelewa leo ningekuwa na pa kujificha.

Wewe ulikuwa kidato cha tatu, mwaka ule masika yalipogoma kuisha. Utakumbuka kucha yangu ya dole gumba la kulia ilivyooza, ukawa unanifunga kitambaa kila asubuhi kabla ya shule. Kila tofali letu likiwa bichi napiga dole kwenye kona, ndiyo sahihi yangu, na mwezi ule nilipiga kwa dole la kushoto. Lile lenye kovu la wembe linalokata katikati. Ulinitania kwamba matofali ya mwezi huo yanatazama upande usio wake. Sijawahi kutumia dole hilo kabla ya mwezi ule wala baada yake. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Wateja walikuwa wawili. Mmoja fundi wa masufuria wa Mlandizi, aliyekuwa anajenga tanuru dogo la kuyeyushia alumini chakavu. Wa pili kiwanda kikubwa cha mbali. Nilikuwa nimewatajia siku ya kuwapelekea mzigo, na nimeitaja mbele ya watu kwa sauti yangu hii unayoijua. Mvua ikanyesha wiki ya kwanza, ikanyesha ya pili. Chanja za kivulini zimejaa matofali yaliyotoka kwenye uji na hakuna hata moja linalokauka. Mtu mwenye akili angepiga simu akasema, "Jamani, mvua, nipeni wiki mbili." Wangenipa. Hakuna aliyenishika koo, mwanangu. Sikutaka tu isemwe kwamba yule mwanamke wa Kisarawe ameshindwa kutimiza neno.

Tanuru lilikuwa limetoka kuchoma, ukuta wake wa moto. Nikayapanga matofali kuuzunguka. Jua likitokeza nayapandisha juu ya bati. Hata yale ya mwisho niliyazamisha kwenye uji mara moja, chubwi, mapovu yakiwa bado yanapanda. Kwa siku mbili yote yakawa makavu. Nikayachoma mara ya pili, yakapoa, nikalipakata la kwanza na kuligonga.

Lililia, Siku. Mlio mrefu, safi, ambao sijausikia kwenye tofali kabla ya siku ile wala baada. Nikagonga la pili, la kumi, la hamsini. Yote yakalia. Nilisimama pale nikitabasamu peke yangu.

Bakari alikuwa pembeni anafagia. Ulimwita Mjomba Bakari tangu unajua kuongea, ila labda hukujua kwamba ndiye aliyekandika ukuta wa kwanza wa tanuru hili, na kwamba kwa miaka yote ile alinipinga mara mbili tu. Hii ilikuwa ya pili. Aliweka fagio chini akachukua tofali moja, akaligonga, akaligonga tena.

"Mama Siku, mbona haya yanalia hivi? Ya kwetu siku zote sauti yake nzito kidogo."

"Yamekomaa."

"Kwa siku mbili?"

"Bakari, una sikio wewe?"

"Sina. Ndiyo maana nina msumeno. Tukate moja, moja tu, tuone ndani."

"Kizima hakikatwi."

"Hili tofali, mama, si chungu."

"Kwangu ni kitu kimoja."

Akacheka, kwa sababu Bakari ni mtu wa kucheka. Akasema, "Basi nipe nikate mimi. Huo msiba ukija, uje kwangu."

Nikampokonya tofali mkononi. Sikio la kufa halisikii dawa, na langu lilikuwa limeshakufa kwa sifa. Kesho yake tukapakia gari mbili, moja ya Mlandizi na nyingine ya kiwandani.

Kilichotokea Mlandizi unakijua nusu. Bakari alikwenda kujenga tanuru la yule fundi, akakaa naye siku tatu za mwanzo kuliangalia. Siku ya tatu ukuta ulibanduka ngozi, kilichokuwa ndani yake kikamwagika, na alumini iliyoyeyuka ikatoka na kumpata mguu kuanzia gotini kwenda chini. Ulikuja nami hospitali. Ulisimama mlangoni umeshika chupa ya uji wa mgonjwa, hukutaka kuingia, nikakukaripia. Samahani kwa karipio lile pia.

Nilichokuambia, nilichowaambia wote, ni kwamba ile alumini chakavu ilikuwa na maji, ikalipuka. Si kweli. Hakukuwa na maji. Niliuona ule ukuta kabla haujasafishwa. Vipande vya ngozi vimelala chini, vigumu, vizuri, na kati yake unga mweupe mtupu. Niliusema uongo ule mbele ya kitanda cha Bakari, mbele ya yule fundi wa masufuria, na baada ya kuusema nikamtazama Bakari. Naye akanitazama. Alikuwa na maumivu ambayo sitayaandika. Akasema, "Ni kweli. Kulikuwa na maji."

Yule fundi akainamisha kichwa. Tangu siku ile anaamini ni yeye aliyemchoma Bakari kwa kutokagua alumini yake. Alifunga kazi, akarudi shambani kwake kando ya Ruvu. Nimepita Mlandizi kufuata pumba mara ngapi, na kila mara namwomba dereva asipite njia ile.

Baada ya hapo nikajirekebisha. Ndiyo maana hakuna tofali linalotoka hapa kabla ya siku kumi na mbili za kivuli, mkadhani ni ukali wangu tu. Lakini kiwanda kile cha mbali sikukiambia. Nilijua wameyapanga matofali yangu nyuma, mbele yake wameweka yale mazito yanayokutana na moto, kwa hiyo nikajipa moyo kwamba ya kwangu hayaguswi. Mwaka ukapita bila habari. Nikaona basi, salama. Ukapita wa pili. Nilianza kulala. Mwaka wa nane, mwanangu mwenyewe akapata kazi pale.

Hapo uliponiambia jina la kiwanda nilishtuka, ukadhani nimefurahi. Nikajipa moyo tena: miaka minane, watakuwa wameshayabadilisha. Mimi kwa kujipa moyo sina mwenzangu.

Kisha Jumanne ukarudi kutoka kuonyeshwa kazi. Ukanipa simu. "Mama, ona tanuru langu! Wamelifungua ubavu, wanatengeneza." Nikaipanua picha kwa vidole viwili kama ulivyonifundisha. Nyuma kabisa, safu kwa safu, nililiona dole gumba langu la kushoto. Kovu limekata katikati. Moja, na jingine, na jingine, ukuta mzima, mpaka pale picha ilipokatika.

Nawe ukaendelea kunieleza kwa furaha. Kwamba yale ya nyuma hayabadilishwi, fundi wao ameyagonga akasema yanalia vizuri kabisa, mazima. Kwamba ya mbele safari hii wataweka membamba, ili tanuru lipate nafasi ya kubeba zaidi. Kwamba litawashwa Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, na zamu ya kwanza ni yako. Nikasema, "Zuri." Nikatoka nje. Uliniuliza usiku ule mbona sijagusa wali, nikakuambia tumbo.

Unaelewa, umesoma kuliko mimi. Ukuta wa mbele ukiwa mwembamba, moto utafika nyuma. Kwa miaka minane matofali yangu yamesingiziwa uzima kwa sababu hayajawahi kuguswa na moto wenyewe. Jumatatu yataguswa.

Jumatano nilipiga ile namba iliyo kwenye barua yako ya ajira. Wa kwanza alinisikiliza kidogo akasema, "Mama, huo ni wasiwasi wa mzazi, binti yako atakuwa salama." Nikapiga tena, nikampata mwingine. Nikamwambia mimi ndiye niliyeyatengeneza, na ni mabovu. Alicheka kwa adabu. "Mama, yamekaa miaka minane. Na tumeyagonga, yanalia." Alikuwa ananirudishia maneno yangu mwenyewe.

Jana sikwenda kufuata udongo kama nilivyokuaga. Nilikwenda Maneromango kwa Bakari. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anamenya mihogo, ule mguu ameunyoosha mbele. Hata hodi sikuimaliza.

"Karibu, Mama Siku. Umechelewa kidogo."

"Gari liliharibika Kisarawe."

"Sisemi leo."

Nikakaa chini. Nililia, mwanangu, nilimwomba radhi kwa maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima na hakuna hata moja lililotoka kwa mpangilio. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mguu nilishakusamehe zamani. Mguu ni ajali. Ule uongo ndio ulionitafuna, maana niliusema kwa mdomo wangu, nikamtwisha mtu asiye na kosa."

Nikamwonyesha ile picha niliyokuomba unitumie. Aliitazama, akanyanyuka, akaingia ndani akijikokota, akatoka na tofali lililofungwa kwenye gunia. Dole la kushoto. Alilichukua siku ile ile nilipompokonya la kwanza, akalificha. Miaka yote amelitumia kuegemezea mlango. Akanipa na msumeno wa chuma.

"Kata wewe," akasema. "Mimi nilishaomba nikakataliwa."

Sijawahi kukata kizima, Siku. Bakari alinishikia tofali kwa magoti. Mwanzoni msumeno ulipiga kelele, ngozi ni ngumu kwelikweli, nayo ndiyo iliyokuwa ikilia. Unene wake haufiki wa kidole changu kidogo. Kisha msumeno ukadidimia wenyewe na unga mweupe ukamwagika juu ya miguu yake, ule mzima na ule mbovu. Mkewe alichungulia mlangoni, akatutazama tulivyo, akarudi ndani.

Nilitaka kukuzuia usiende. Usidhani sikuwaza. Jana kwenye gari nilikuwa nimeshapanga kuchana kitambulisho chako kile kipya na kukisingizia panya. Mtu wa kuchoma uongo mmoja juu ya mwingine siku zote ana kuni za kutosha. Lakini ukibaki wewe, Jumatatu saa kumi na mbili atasimama mtoto wa mwingine pale, na mama yake hataandikiwa barua na mtu.

Kwa hiyo tumepanga hivi. Bakari anafika hapa kesho jioni. Jumapili tutapanda gari tukufuate, Jumatatu tutakuwa getini. Yeye kasema atakuja na mguu wake, wauangalie. Lakini wenye maamuzi, umeniambia mwenyewe, hawaingii kabla ya saa tatu, na mlinzi hawezi kuwafungulia wazee wawili wenye tofali kwenye gunia. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, ndani ya geti lile utakuwa wewe peke yako unayejua. Saa hizo tatu ndizo ninazoziogopa kuliko zote.

Nusu moja ya lile tofali ninayo mimi. Nusu ya pili nimeifunga kwenye kanga yako ya zambarau, iko chini kabisa ya begi. Ndiyo maana begi lina uzito, si mchele. Ukifika Jumapili usisubiri Jumatatu. Mtafute yule msimamizi wako wa zamu popote anapokaa, umwekee ile nusu mezani. Usimruhusu aigonge. Mwambie aingize kidole ndani.

Atakuuliza kwa nini mama yako alinyamaza miaka minane. Mjibu ukweli, kwamba alijali sifa yake. Huenda wakakurudisha nyumbani kabla hujaanza, wakikuona wewe na mimi ni kitu kimoja. Huenda na hapa kwetu pakafungwa, kwa sababu habari hii haitabaki ndani ya geti. Sitakuambia kwamba sijali. Najali sana. Nimekitazama kiwanda chetu hiki leo kutwa, kalibu, chanja, pipa la uji, na moyo unaniuma kweli. Hata hivyo, fanya nilivyokuambia.

Utakutana na watu wengi huko watakaogonga kitu na kukuambia ni kizima, wengine wana vyeo, wengine wana mvi, wengine watakuwa watu unaowapenda. Mimi nilikuwa mmoja wao. Sikio langu unalo, nimeliona tangu ukiwa mdogo, ulikuwa unagonga bakuli mezani na kuinamisha kichwa. Nilifurahi nikakwambia uliendeleze. Liendeleze, lakini uazime na msumeno wa Bakari. Na ukiona mtu kama yeye amesimama pembeni na fagio, anasema tukate moja tuone, mpe.

Najua utasema, kwa nini hukuniambia kwa mdomo. Nimejaribu mara tatu. Jana usiku nilikuja mpaka mlangoni kwako, nikakukuta unapiga pasi ile sare ya kazi unaimba. Na kuna sababu nyingine. Ukinitazama usoni wakati nasema haya utanihurumia, na ukinihurumia utaninyamazia kama Bakari alivyoninyamazia. Karatasi haina uso. Kesho baada ya alfajiri nitakupa barua hii mkononi, kisha nitatoka nikakae huku kwenye tanuru mpaka umalize. Ukitaka kuja kunifokea, njoo. Ukitaka kupita kimya kwenda stendi, sitakufuata, ila usiliache begi.

Geti limelia, nadhani ni wewe. Nasikia sauti yako, unacheka na mtu nje. Nitamaliza haraka.

Siweki sahihi. Nimechovya dole gumba langu la kushoto kwenye udongo mweupe, nimelibandika hapa chini, kovu linaonekana vizuri. Jumatatu, kama hawajakusikiliza, kabla moto haujawashwa, peleka karatasi hii kwenye ule ubavu wa tanuru uliofunguliwa, ambao umeniambia hawaufungi kwa nje mpaka moto ushike, ulinganishe. Yakiwa sawa, na yatakuwa sawa, usiseme na mtu tena. Piga kengele ya hatari, watoe watu wote pale ndani, nawe utoke nao. Mimi niko getini.

Mama yako